Kisu cha mfukoni chenye springi saidizi: kipime kwa namna kinavyofunga

Mkono wa kushoto umeshika kamba iliyokazwa, mzigo unaning'inia upande wa pili, na kamba hiyo haiachiki hata kwa sekunde moja. Mkono wa kulia unazama mfukoni na kutoka na kisu kilichokunjwa. Kidole cha shahada kinabonyeza kipembe kidogo kilichochomoza mgongoni mwa mpini, tak, bapa limesimama. Kamba imekatika. Kisu cha kukunja chenye springi saidizi kilibuniwa kwa ajili ya hali kama hiyo, mkono mmoja unapokuwa na kazi na mwingine ukabaki kufanya mengine yote peke yake.

Anayetaka kununua kisu cha aina hii karibu kila mara huuliza kwanza kinafunguka haraka kiasi gani. Naelewa kwa nini, maana ule mlio unavutia na mkono unataka kuusikia tena. Lakini swali hilo halimsaidii kuchagua, kwa sababu vyote vinafunguka haraka. Hata ukikitumia mara kumi kwa siku, kisu hicho hukaa wazi dakika chache tu. Saa zote zilizobaki kimefungwa, kimelala sentimeta moja au mbili kutoka kwenye paja lako. Na kila kikifunguliwa lazima kifungwe tena, na vidole vingi zaidi hukatwa wakati wa kufunga kuliko wakati wa kufungua. Ndiyo maana mimi nikishikishwa kisu kipya naanza na mambo mawili: kinakaaje kikiwa kimefungwa, na kinafungwaje. Mengine yote, chuma, umbo, rangi ya mpini, nayatazama baada ya hapo.

Ndugu watatu wanaofanana

Ukivipanga mezani vikiwa vimekunjwa, visu vya aina tatu tofauti vinaweza kukuchanganya kabisa. Kuna kisu cha kukunja cha kawaida, ambacho nguvu ya kukifungua ni ya kidole chako tangu mwanzo hadi mwisho. Ndani yake kuna kizuizi kidogo, mara nyingi gololi ndogo ya chuma inayokaa kwenye kishimo kilichotobolewa kwenye bapa, ili kisifunguke ovyo. Halafu kuna kisu cha kufyatuka. Hiki springi yake imekazwa muda wote na inasubiri. Ukibonyeza kitufe kilicho kwenye mpini, kizuizi kinaondoka na bapa linaruka lenyewe bila kidole kuligusa.

Chenye springi saidizi kiko katikati ya hao wawili, na kukielewa ni lazima uitazame springi yake kwa makini, kwa sababu inafanya kazi mbili zinazopingana. Kisu kikiwa kimefungwa, springi inalivuta bapa ndani. Lisukume kidogo kisha uachie, utaliona likirudi lenyewe. Endelea kusukuma, na ukifika pembe fulani, kwa visu vingi ni karibu nyuzi 30, springi inavuka mstari wa bawaba na upande wa nguvu yake unageuka. Iliyokuwa ikivuta ndani sasa inasukuma nje, na bapa linamaliza safari bila wewe, mpaka loki, yaani kizuizi kinacholishika bapa likiwa wazi lisirudi, iingie mahali pake.

Mlango wa nyuma wa gari, ule unaofunguka kwenda juu, unafanya hivyohivyo. Mwanzo unauinua kwa nguvu zako na unauhisi uzito wake. Ukishapanda kidogo, zile fimbo za gesi za pembeni zinaupokea na kuubeba hadi juu. Mfano huo una historia, maana Blackie Collins, mbunifu wa visu wa Marekani, aliijenga kazi yake juu ya wazo hilo alipoutoa mfumo wa Strut-N-Cut katikati ya miaka ya 1990. Muda si mrefu baadaye Ken Onion, fundi wa visu wa Hawaii, alibuni mfumo wa SpeedSafe, na kampuni ya Kershaw ikausambaza kwa wingi hadi aina hii ya kisu ikawa ya kawaida madukani. Ukifungua mpini wa kisu cha SpeedSafe hukuti fimbo ya gesi. Unakuta waya mmoja mgumu wa springi, umelala kwenye mfereji mwembamba, ncha moja imeshikwa na mpini na nyingine imeingia kwenye tundu la bapa. Bapa likizunguka, waya unajisokota na kujisokotoa. Watengenezaji wengine huzungushia bawaba springi ya koili, lakini kanuni haibadiliki: kwanza mvuto wa kufunga, kisha msukumo wa kufungua.

Iweke akilini hiyo pembe ya nyuzi 30. Usalama wa mfukoni unategemea hapo, na hata sheria za nchi zinabishana juu ya hapo.

Kisu kilekile, nchi tofauti

Marekani ilipitisha sheria ya shirikisho dhidi ya visu vya kufyatuka mwaka 1958. Sheria hiyo ilitazama kitufe au kifaa kilichoko kwenye mpini, pamoja na bapa linalotoka kwa uzito wake au kwa kurushwa. Visu vyenye springi saidizi vilipoenea havikuguswa, kwa hoja kwamba kidole kinasukuma bapa lenyewe. Kisha mwaka 2009 idara ya forodha ya nchi hiyo ilitaka kuvihesabu navyo kuwa visu vya kufyatuka. Mwaka huohuo bunge likairekebisha sheria: kisu ambacho springi au kifaa chake kinakielekeza kujifunga, na kinachohitaji nguvu ya mkono kwenye bapa ili kuushinda mvuto huo, hakimo katika katazo. Yaani ule mvuto mdogo wa ndani ulio kabla ya nyuzi 30, ambao wanunuzi wengi hata hawaujui, ndio uliokiokoa kisu hiki kisheria. Hata hivyo hayo ni ya shirikisho. Majimbo na miji ina sheria zake, na kinachobebwa kwa amani upande mmoja wa mpaka wa jimbo kinaweza kuwa kosa upande wa pili.

Uingereza ilielekea upande mwingine. Sheria yake ya silaha ya mwaka 2019 ilipanua maana ya kisu cha kufyatuka, na sehemu hiyo ilianza kutumika England na Wales tarehe 14 Julai 2021. Maana mpya inagusa bapa linalojifungua kutoka kufungwa kabisa, na pia bapa linalojifungua kutoka kuwa wazi nusu hadi kuwa wazi kabisa, kwa kubonyezwa kitufe, springi au kifaa kingine kilichomo ndani ya kisu au kilichoshikizwa nacho. Soma tena hayo maneno ya nusu, utaona yanakigusa kisu chenye springi saidizi. Pamoja na hayo, kumiliki kisu kama hicho kukawa kosa hata kikiwa ndani ya droo ya nyumbani. Kinachoruhusiwa kubebwa hadharani huko bila kutoa sababu ni kisu cha kukunja kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimeta 7.62.

Ujerumani inatazama kitu cha tatu kabisa. Tangu mwaka 2008 kisu kinachoweza kufunguliwa kwa mkono mmoja na ambacho bapa lake hushikwa na loki likiwa wazi hakibebwi hadharani bila sababu halali, kiwe na springi au kisiwe nayo.

Sikuelezi hayo ili ukariri sheria za watu. Nataka uone kwamba kuuliza kama kisu hiki kinaruhusiwa hakutoshi, maana kila nchi imeuchora mstari mahali pake. Ukiisoma sheria ya unakoishi, tafuta inasema nini juu ya bapa lililo wazi nusu, juu ya kufungua kwa mkono mmoja, na juu ya loki. Tazama pia urefu unapimwaje, kwa sababu urefu wa makali na urefu wa bapa lote vinaweza kutofautiana kwa zaidi ya sentimeta moja. Ukisafiri kwa ndege, kisu kinakaa kwenye begi linaloshushwa chini na mizigo, kamwe si kwenye begi la mkononi. Neno la muuza duka kwamba kisu ni halali kila mahali halitakutetea popote.

Kikiwa mfukoni

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakizungumzia visu, lakini kuna asubuhi moja niliusikia usemi huo kwa ngozi yangu. Nilikuwa nimeinama kuinua boksi, kisu kikiwa kwenye mfuko wa mbele wa kulia, na funguo zangu mfuko huohuo. Nilihisi kitu kama mwiba. Nikaingiza mkono kutazama ni nini, na kidole cha pete kikakutana na ncha. Kisu kilikuwa na kifundo cha kusukumia kwa kidole gumba, na funguo zilikuwa zimekiegemea kifundo hicho nilipoinama. Bitana ya mfuko ilikuwa imechanika mstari mnyoofu, safi, kama ya fundi cherehani. Kidole kilishonwa mishono miwili.

Nilipokaa kukichunguza nilielewa. Springi yake ilikuwa dhaifu katika ule mvuto wa ndani. Kwa nusu ya safari ya kwanza bapa halikuvutwa lirudi, lilikaa tu pale lilipoachwa. Funguo zilihitaji kulisogeza mara mbili tatu tu.

Kwa hiyo jaribio la kwanza dukani ni hili. Kisu kikiwa kimefungwa, lisukume bapa litoke kiasi cha upana wa penseli, kisha liachie. Linatakiwa lirudi lote, kwa mshtuko mdogo unaousikia. Rudia, safari hii litoe zaidi kidogo, karibu na pale springi inapogeuka. Bado lirudi. Likibaki limening'inia popote kabla ya hapo, kirudishe kisu kwenye kabati. Kisha kishike mpini kwa nguvu, mdomo wa mfereji wa bapa ukitazama chini, ukipunge kwa ghafla kama unayekung'uta kipimajoto cha zebaki. Bapa lisitikisike.

Springi nzuri hapa inampita yule ndugu wa kawaida kwa faida ambayo watu huwa hawaizungumzii. Kizuizi cha gololi hushika bapa likiwa limekaa kabisa kwenye kishimo chake. Likishatoka pale hata kwa milimeta moja, limelegea. Springi saidizi inaendelea kulivuta ndani kwa nyuzi zote hizo za mwanzo. Kikiwa na springi madhubuti, kisu hiki ni salama mfukoni kuliko kingi kisicho na springi. Kikiwa na springi dhaifu ni kinyume chake, maana kikivuka ile pembe hakisimami nusu: kinafunguka chote, ndani ya nguo.

Klipu, kile kibanio cha ubavuni kinachokishika kisu kwenye ukingo wa mfuko, nayo ina la kusema. Kampuni ya Spyderco ndiyo iliyoleta klipu ya mfukoni kama tunavyoijua, kwenye kisu chake cha kwanza cha kukunja mwaka 1981, na tangu hapo kisu kiliacha kuzama chini ya mfuko pamoja na sarafu. Klipu ikifungwa upande wa mkia wa mpini, ncha ya bapa inatazama juu, na kisu kinatoka kikiwa tayari mkononi. Watumiaji wengi hupenda hivyo, nami ni mmoja wao. Lakini fahamu kwamba bapa likichomoza, ncha inakuwa mdomoni mwa mfuko, palepale vidole vinapoingilia. Dawa yake ni mshono: kisu kikae kikiegemea mshono wa nyuma wa mfuko, mgongo wa bapa ukigusa huo mshono, ili nguo yenyewe iwe ukuta wa kulizuia. Na mfuko huo uwe wa kisu peke yake. Funguo, kalamu na sarafu zihamie upande wa pili.

Baadhi ya visu vina kitelezo kidogo cha usalama, unakisukuma na bapa linafungwa lisitoke kabisa. Kwa anayepanda ngazi, anayepiga magoti siku nzima au anayebeba kisu ndani ya begi lililojaa vitu, kinafaa. Kwa wengine naona kinasahaulika baada ya wiki mbili, na kikisahaulika ni kama hakipo. Usikikubali kitelezo kama kisingizio cha springi dhaifu.

Kufunga

Sasa tufike palipo na damu nyingi. Chukua loki iliyoenea kuliko zote, ile ya bamba la ndani, ambayo fundi wa visu Michael Walker aliiendeleza hadi ikawa ya kisasa miaka ya 1980. Bapa likifunguka, bamba jembamba lililo ndani ya mpini linajikunja na kuingia nyuma ya mkia wa bapa na kulizuia lisirudi. Kulifunga, unalisukuma bamba kando kwa kidole gumba. Angalia kidole hicho kiko wapi wakati huo: kiko ndani ya mfereji ambao bapa linarudia. Kwenye kisu cha kawaida unalisogeza bapa kidogo, unakitoa kidole, unamalizia kwa upole.

Kwenye kisu chenye springi saidizi mambo hubadilika. Springi inapinga kufunga karibu safari nzima, kwa hiyo lazima usukume bapa kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu hauna breki nzuri. Kisha ukifika kwenye zile nyuzi 30 za mwisho upinzani unatoweka, springi inageuka na kulivuta bapa ndani kwa ghafla, wewe ukiwa bado unasukuma. Nguvu mbili zinaelekea upande mmoja kwa wakati mmoja, kuelekea kwenye mfereji ambamo pengine kuna kidole. Mwenye kisu cha aina hii akiwa na kovu dogo kwenye kidole gumba, lilipatikana hapo.

Nifanyavyo mimi ni hivi. Kazi ikiisha mikono yote miwili iko huru, kwa hiyo naitumia yote miwili. Mkono wa kushoto unabana bapa mbavuni, kwa upande wa mgongo, mbali na makali. Wa kulia unaachia loki, na mara bapa likianza kusogea kidole gumba kinatoka mferejini na kulala ubavuni mwa mpini. Vidole vinne vya chini vinarudi nyuma, visizidi ukingo. Ndipo mkono wa kushoto unalipeleka bapa nyumbani taratibu, hadi springi ilipokee. Inachukua sekunde mbili. Mwenye kutaka kufunga kwa mkono mmoja kwa kuegemeza mgongo wa bapa kwenye paja na ajifunze kwanza na kisu butu.

Kile kipembe cha kufungulia kinasaidia hapa kuliko kinavyosaidia kwenye kufungua. Bapa likiwa wazi, kipembe kinageuka kuwa kinga iliyosimama mbele ya kidole cha shahada, mkono usiteleze kuingia kwenye makali. Na wakati wa kufunga, kwenye visu vilivyopimwa vizuri, kipembe ndicho kinachogusa kidole kwanza, kabla ya makali kufika. Kinakusimamisha na kukukumbusha usogeze kidole. Kifundo cha kidole gumba hakina huruma hiyo. Kwa sababu hiyo tu, nikiwekewa visu viwili vinavyolingana nachagua chenye kipembe.

Loki nyingine ni ya ubavu wa mpini wenyewe, iliyopata umaarufu kupitia visu vya fundi Chris Reeve: badala ya bamba jembamba la ndani, upande mzima wa mpini umekatwa ukawa ndio loki. Ni imara, na kiganja kinachoshika kisu kinaikaza zaidi. Lakini kidole gumba bado kinapita mferejini wakati wa kufunga. Ile ya pini ya kukingama, ambayo kampuni ya Benchmade iliitoa mwaka 1998 kwa jina la AXIS na ambayo sasa ina ndugu wengi, inaondoa tatizo hilo: unavuta pini kwa nyuma kutoka mbavuni mwa mpini, na hakuna kidole kinachohitaji kuwa kwenye njia ya bapa. Kama bajeti inaruhusu na springi yake inarudisha bapa vizuri, hiyo ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Loki ya mgongo, ile ambayo kisu cha Buck 110 kiliisambaza duniani kuanzia miaka ya 1960, ni ngumu kuishinda kwa uimara, ila ni nadra kuikuta pamoja na springi saidizi.

Kila kisu kinapofunguka, springi inaligonga bapa kwenye kizuizi chake kwa nguvu kuliko mkono ungeligonga. Miaka ikienda, kipigo hicho kinaila loki. Fungua kisu, utazame bamba la loki limesimama wapi nyuma ya mkia wa bapa. Kwenye kisu kipya liwe limeingia lote lakini liko upande wake wa kuanzia, maana litaendelea kusogea kadiri linavyolika. Likiwa tayari limefika ukuta wa pili, kisu hicho kimezeeka kabla ya kuuzwa. Shika ncha ya bapa, itikise kushoto na kulia, juu na chini. Mchezo wa kando, yaani kulegea kwa bapa, unaweza kurekebishwa kwa kukaza skrubu ya bawaba. Wa juu na chini unatoka kwenye loki, na huo usiununue.

Bapa na chuma chake

Wapenzi wa visu wanaweza kukesha wakibishana juu ya chuma. Kwa kisu cha kila siku mjadala ni mfupi zaidi. Chuma cha 8Cr13MoV, chenye kaboni karibu asilimia 0.8 na kromiamu karibu asilimia 13, kinapatikana kwenye visu vingi vya bei nafuu, kinanoleka kirahisi na kinabutuka mapema kiasi. 14C28N cha Sweden kinapinga kutu vizuri zaidi na kinashika makali membamba bila kumeguka. Kwa pesa unayolipa, sijaona cha kukishinda. D2 kinakaa na makali muda mrefu, lakini usidanganywe na asilimia 12 za kromiamu, sehemu kubwa yake imefungwa ndani ya chembe ngumu za kabidi na haizuii kutu, kwa hiyo jasho la mfukoni litakiwekea madoa. S30V na jamaa zake, pamoja na MagnaCut iliyobuniwa na mtaalamu wa vyuma Larrin Thomas na kutoka mwaka 2021, ni vyuma bora kweli, na ni bora zaidi kwa mtu mwenye jiwe la almasi na uvumilivu wa kunoa. Chuma kizuri kilichobutuka kinakata vibaya kuliko chuma cha kawaida kilichonolewa jana.

Kwa kunoa, nyuzi 20 kila upande zinatosha. Huna kipimo? Simamisha bapa wima juu ya jiwe, hizo ni nyuzi 90. Lishushe nusu, 45. Lishushe nusu tena, uko kwenye 22 na ushee, karibu kabisa na unapotaka.

Urefu wa sentimeta 7 hadi 8 unafungua maboksi, unakata kamba, unachonga kijiti na kumenya tunda. Umbo liwe la mgongo unaoshuka taratibu hadi kwenye ncha, lenye tumbo kidogo kwenye makali. Meno ya msumeno ni kwa wanaokata kamba na mikanda kila siku. Wengine yatawachosha siku ya kunoa.

Mpini uushike ukiwa na mkono wenye maji. Nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo ni nyepesi na haiharibiki kirahisi, G10, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilichogandishwa kwa gundi ngumu, ina mkwaruzo mzuri, alumini inapendeza na inateleza. Kisu chote kikizidi gramu 130, utaanza kukiacha nyumbani.

Vumbi, mafuta na springi iliyokatika

Mfuko wa nguo ni kiwanda cha nyuzinyuzi. Zinaingia kwenye mfereji, zinakutana na mafuta na kugeuka ugoro mweusi karibu na bawaba. Kwenye kisu cha kawaida matokeo yake ni uzito tu. Kwenye hiki, springi inaanza kushindwa kumaliza safari: bapa linafika karibu na mwisho na kusimama kabla ya loki kuingia. Jicho linaliona liko wazi, mkono unaliamini, na kwa shinikizo la kwanza linarudi kwenye vidole. Kwa hiyo jenga tabia ya kusikiliza ule mlio wa loki. Ukiwa mzito au usiposikika, sukuma mgongo wa bapa kidogo kwa kiganja, vidole vikiwa nje ya mfereji, kabla ya kukata chochote.

Kusafisha ni maji ya vuguvugu na sabuni, mswaki wa zamani, kukausha vizuri, halafu tone moja la mafuta mepesi ya mashine kila upande wa bawaba. Tone moja kweli, mafuta mengi yanakusanya vumbi zaidi. Kukifungua chote sipendekezi ila kama una bisibisi za nyota za T6 na T8 na umewahi kumwona mtu akiirudisha springi, kwa sababu inaruka. Tena watengenezaji wengine huifuta dhamana kisu kikishafunguliwa.

Springi hukatika. Si kila siku, lakini ni kipande cha chuma kinachosokotwa mara maelfu. Wengi husema kisu bado kinafunguka kwa mkono, kwa hiyo si tatizo. Ni tatizo, tena kubwa, kwa sababu kilichokatika ni pamoja na ule mvuto wa ndani. Visu vingi vya aina hii havina kizuizi kingine cha maana, na sasa bapa linaning'inia kwenye bawaba bila kitu cha kulishika. Siku hiyohiyo kitoe mfukoni, kifunge kwa utepe, na uombe springi mpya kwa aliyekitengeneza.

Unakihitaji kweli? Visu vya kawaida vyenye kipembe na beringi za gololi kwenye bawaba vimekuwa laini kiasi kwamba kidole kilichozoea kinavifungua kwa kasi ileile, bila springi ya kukatika na bila kupigana nayo wakati wa kufunga. Kwa mtu mwenye vidole vyepesi hicho kinatosha. Springi inamfaa anayevaa glavu kazini au ambaye kidole chake hakina nguvu ya kutupa bapa hadi mwisho, mradi akumbuke kwamba nguvu anayookoa akifungua ataidaiwa akifunga.

Nikiwa mbele ya kabati la duka nakiomba kisu, naomba pia ruhusa ya kukaa nacho dakika tano. Nakifungua na kukifunga mara ishirini, taratibu, kwa mikono yote miwili. Sihesabu kinavyofunguka. Natazama kidole gumba tu. Hata mara moja kati ya hizo ishirini kikikutwa kwenye njia ya makali wakati springi inageuka, nashukuru na kukirudisha.